Uasi wa damu, uasi wa hiari

Mwuaji katika riwaya ya The Giver ni baba mpole. Kazi yake ni kulea watoto wachanga, na anaipenda. Mtoto mmoja anapochelewa kukua, baba huyu anaomba ruhusa ya kulala naye nyumbani, na hata anavunja kanuni kidogo kwa kuchungulia jina atakalopewa. Kisha wanazaliwa mapacha wanaofanana, na jumuiya yao hairuhusu watu wawili wa sura moja. Baba anawapima uzito, anamtenga aliye mwepesi, anamchoma sindano kwenye mshipa wa paji la uso, anamuaga kwa sauti ya kubembeleza, anamtia kwenye boksi na kulisukuma kwenye tundu la taka. Mwanawe Jonas, mwenye miaka 12, anaitazama rekodi ya tukio hilo. Sauti anayoisikia ni ile ile ya baba yake wa nyumbani, wala haijabadilika hata kidogo.

Riwaya hiyo ya Lois Lowry ilitoka mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikapewa Newbery Medal, tuzo yenye hadhi kubwa katika vitabu vya watoto nchini Marekani. Nyuma yake imefuata rafu nzima ya vitabu vya vijana vinavyoitwa vya distopia, yaani vinavyochora jamii ya kesho iliyoharibika huku ikijiona imetengemaa: Uglies, The Hunger Games, Matched, Delirium, Divergent. Jamii hizo zimenunua amani kwa uamuzi wa watu wake. Mahali pengine umeuzwa uamuzi wa kazi, pengine wa mwenzi wa ndoa, pengine wa sura, pengine wa kupenda kwenyewe. Kijana mmoja anashtuka, anakataa, na hapo hadithi inaanza kukimbia.

Mzozo wangu na vitabu hivi uko kwenye huo mshtuko. Vinapoeleza jinsi watu wanavyokubali kufanana, mara nyingi vinasema kweli, tena kweli isiyopendeza. Vinapofika kwenye kukataa, vingi vinadanganya. Vinamfanya anayekataa awe amezaliwa na kitu ambacho jirani yake hana: macho ya ajabu, ubongo wa ajabu, damu ya ajabu. Uasi unakuwa kipaji, kama sauti nzuri ya kuimba. Msomaji wa miaka 14 asiye na chochote cha ajabu anabaki akijiuliza yeye angekuwa nani katika hadithi ile, na jibu analopewa kimyakimya ni kwamba angekuwa miongoni mwa waliolala.

Tuanze na upande unaosema kweli, maana ndio wenye utajiri.

Katika jumuiya ya Jonas hatukutani na dikteta. Kiongozi wa Wazee huchaguliwa kila baada ya miaka 10. Watoto hupewa baiskeli wakifika miaka tisa, wote siku moja. Mume na mke hukutanishwa na kamati, kisha huomba watoto na kupewa wawili, wa kiume mmoja na wa kike mmoja, waliozaliwa na mama wengine kabisa ambao kazi yao ni kuzaa mara tatu na kisha kupelekwa vibaruani. Miaka 12 ikitimia, kila mtoto hutangaziwa kazi ya maisha yake mbele ya umati. Hapo ndipo Lowry ananifurahisha kwa ujanja wake: Wazee hawakosei. Wamewatazama watoto kwa miaka, wakicheza na wakijitolea. Asher mwenye mzaha anapelekwa kwenye michezo na burudani. Fiona mwenye mikono ya huruma anapelekwa kuwatunza wazee. Hakuna anayelia, kwa sababu kila mmoja amepewa kile ambacho huenda angekichagua mwenyewe.

Mwandishi mvivu angempangia Asher kazi anayoichukia ili tumwonee huruma. Mfumo unaochagua vibaya ni rahisi kuupinga, kwani hata mjinga ataona kasoro. Mfumo unaochagua vizuri ndio mtihani. Ukimuuliza Asher amepoteza nini, hatakuwa na jibu, na kusema kweli hata msomaji atahangaika kulipata.

Kuna mazungumzo mafupi katikati ya kitabu ambayo ningependa kila mwalimu wa fasihi ayasome kwa sauti darasani. Jonas, akiwa ameanza kuona rangi katika dunia isiyo na rangi, anamlalamikia mzee anayemfundisha: kama kila kitu kinafanana, hakuna cha kuchagua. Anataka kuamka asubuhi na kuamua avae nguo ya buluu au nyekundu. Mzee anamwacha aendelee kuwaza. Jonas anafikiria mtoto mchanga akichagua mwanasesere. Si neno, hata akikosea. Je, watu wakichagua mwenzi wa ndoa wakakosea? Je, wakichagua kazi wakakosea? Ndani ya mistari michache tu kijana aliyekuwa akidai uhuru anahitimisha kwamba watu wanapaswa kulindwa dhidi ya chaguo baya, na kwamba hivi walivyo ni salama zaidi. Hakuna aliyemtisha. Amejisogeza mwenyewe kutoka kwenye nguo ya buluu hadi kwenye udikteta, akiongozwa na huruma. Sijaona maelezo mafupi kuliko hayo ya jinsi watu wazima wenye akili timamu wanavyofika huko.

Na jumuiya ile haikosi kushauriana. Wananchi wakati fulani walipeleka ombi kwa Wazee: kila mama mzazi azae mara nne badala ya tatu, ili wafanyakazi waongezeke. Wazee wakamwendea yule mzee anayemfundisha Jonas, mtu pekee anayebeba kumbukumbu za dunia ya kale kwa niaba ya wote. Yeye akaikumbuka njaa, akawashauri wakatae. Wakakataa, wakaondoka zao bila kutaka kujua njaa inafananaje. Walichokihitaji ni jibu. Maumivu yaliyolizaa jibu wakamwachia mwenyewe.

Kisha kuna karatasi ya kanuni anayokabidhiwa Jonas siku ya kupewa kazi. Kanuni ya mwisho inamruhusu kusema uongo. Mtoto aliyefundishwa tangu utotoni kuwa sahihi katika kila neno anakaa na karatasi ile mkononi, akaanza kuwaza: je, kama watu wazima wote walipewa kanuni hiyo hiyo walipofika miaka 12? Atamuulizaje mtu kama anadanganya, na ataaminije jibu? Mfumo mzima umeyumba kwa sentensi moja, na bado kesho yake kila mtu anaendelea na maisha yake.

Lowry hakuyatunga haya kutoka hewani. Katika hotuba yake ya kupokea tuzo mwaka 1994 alisimulia alivyoishi Tokyo akiwa msichana wa miaka 11, katika kitongoji cha Wamarekani kilichozungushiwa uzio: shule ya Kiamerika, sinema ya Kiamerika, majirani Wamarekani. Alikuwa akitoka kisirisiri kwa baiskeli kwenda Shibuya, kwenye harufu na kelele za watu wengine. Uzio ule ulijengwa na watu waliowapenda watoto wao na kutaka wajisikie wako kwao. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini katika The Giver hakuna mtu mwovu.

Lakini Jonas ana macho meupe. Hapa ndipo ninapoanza kusugua kichwa. Karibu watu wote wa jumuiya wana macho meusi. Jonas, mzee wake na yule mtoto anayechelewa kukua wana macho ya rangi hafifu. Jonas anaiona tufaha ikibadilika hewani kabla hajafundishwa chochote. Wazee wanampa kazi ya kupokea kumbukumbu kwa sababu anao uwezo huo. Kwa hiyo hata mlango wa uhuru ameonyeshwa na mfumo, tena kwa sababu ya maumbile yake.

Kinachomwokoa Lowry ni kwamba maumbile hayaamui jambo lolote la maana. Kabla ya Jonas alikuwepo msichana, Rosemary, aliyeteuliwa vilevile. Baada ya majuma matano aliomba kuachiliwa, neno ambalo kwao lina maana ya kuuawa. Na yule mzee amebeba kumbukumbu zote hizo kwa miaka mingi, anajua kila kitu, amekaa kwenye kiti chake na kutoa ushauri kila anapoitwa. Watu watatu wenye kipaji kile kile: mmoja amekufa, mmoja amenyamaza, mmoja amemchukua mtoto usiku na kutoroka naye kwa baiskeli ya baba yake. Macho yalimwonyesha Jonas. Kuondoka aliamua mwenyewe, baada ya kuitazama ile rekodi.

Sasa mlinganishe na Tris, msichana shujaa wa Divergent.

Divergent ilitoka mwaka 2011. Veronica Roth aliiandika akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha Northwestern, na kasi ya ujana ule inaonekana katika kila ukurasa. Chicago ya baadaye imegawanywa makundi matano: wanaojinyima, majasiri, wasomi, wapenda amani na wasema kweli. Ukifika miaka 16 unafanyiwa jaribio la kukuonyesha unakofaa, kisha unasimama mbele ya mji, unajikata kiganja na kudondosha damu kwenye bakuli la kundi unalolitaka. Kuna bakuli la mawe, la maji, la udongo, la makaa na la vioo. Ukishadondosha, umetoka kwa wazazi wako. Ukishindwa mafunzo ya kundi jipya, unaangukia kwa wasio na kundi, wanaofagia na kuzoa taka za mji kwa malipo ya chakula na nguo.

Wengi huiona sherehe hii kama kinyume cha The Giver, kwa kuwa huku mtu anachagua. Mimi nadhani hapa Roth alipiga shabaha kuliko hata alivyokusudia. Chaguo lipo, ni la hadharani, ni la mara moja, na orodha ina majina matano ambayo hakuna aliyekuuliza kama yalifaa kuwemo. Mtoto wa Tanzania aliyewahi kujaza tahsusi akiwa kidato cha nne, yaani mchanganyiko wa masomo atakayoendelea nayo, PCB au HGL au EGM, ataisoma sura ile kwa jicho ambalo mkosoaji wa New York hana. Anajua uzito wa kuulizwa unataka nini ilhali maswali yote ya maana yamekwisha kujibiwa na aliyechapa fomu. (Simlaumu aliyechapa, nchi haiwezi kuwa na tahsusi moja kwa kila mtoto. Nasema tu kwamba fomu ile ikitiwa saini inaitwa chaguo la mwanafunzi.)

Baada ya mwanzo huo mzuri, riwaya inajikwaa. Jaribio la Tris halitoi jibu moja. Anapewa kuchagua jibini au kisu, anakataa vyote viwili, anakutana na mbwa mkali, anajua kwa akili na kwa moyo nini cha kufanya, na mwishoni anaambiwa anafaa makundi matatu. Kuna jina la watu kama yeye na ni siri ya kifo. Nilipofika hapo nilidhani tutaambiwa kwamba binadamu yeyote ukimtazama vizuri anafaa makundi matatu, na kwamba jaribio ndilo bovu. La. Jaribio ni zuri. Wengine wote kweli ni wa kundi moja moja. Tris ndiye tofauti.

Na madhara yake yanakuja haraka. Kiongozi wa wasomi anawadunga majasiri dawa inayoteka akili zao, wanaamka usiku kama waliorogwa na kwenda kuwaua wanaojinyima. Tris na Tobias, mpenzi wake, wako macho kwa sababu bongo zao haziitikii dawa. Njiani Tris anakutana na Will, rafiki yake, akiwa ametekwa na bunduki mkononi. Anampiga risasi. Kitabu kinataka tulie na Tris kwa alilolazimika kufanya, na inawezekana kulia. Lakini ukikaa ukafikiri, hakuna katika tukio lile mtu aliyechagua kutii wala aliyechagua kukataa. Will hakuwa na nafasi ya kusema hapana. Tris hakuwa na haja ya kuisema. Dawa imemwondolea mmoja lawama na mwingine ushujaa, na swali zima la kufuata mkumbo, lile la kwa nini vijana wazuri waliokula pamoja juzi wako tayari leo kuua familia za wenzao, limejibiwa na sindano.

Historia haikuwahi kuhitaji sindano hiyo. Majirani wamewageukia majirani wakiwa na akili zao, wakijua majina, wengine wakiona haya na bado wakienda. Hilo ndilo riwaya ya vijana ingeweza kulichungulia, na Roth alikuwa amefika mlangoni.

Kwa haki yake, inaonekana aliliona tatizo. Katika kitabu cha tatu, Allegiant cha mwaka 2013, wanatoka nje ya mji na kuambiwa kwamba Chicago ilikuwa jaribio la kisayansi, kwamba watu waliharibiwa jeni zao zamani, na kwamba watu kama Tris ndio waliopona. Tobias, aliyejihesabu kuwa miongoni mwao, anapimwa na kuambiwa jeni zake zina kasoro. Ni yeye yule, aliyeupinga mfumo, aliyevumilia yote, na sasa karatasi inasema si wa kundi lile. Kuanguka kwake ndiyo sehemu bora ya kitabu, na ghadhabu ya Tris dhidi ya mgawanyo huo ni ya kweli. Ila imechelewa. Vitabu viwili vizima vimeshamfundisha msomaji kumtafuta nani ana damu gani.

Nitajibiwa kwamba nawaonea. Shujaa mteule ni wa kale kuliko riwaya yenyewe. Ngano za kila taifa zina mtoto aliyezaliwa na alama. Tena kijana wa miaka 14 anajihisi yuko peke yake, na kitabu kinachomwambia kuwa upekee wake una thamani kinamfaa. Nakubali yote mawili. Ngano ya mtoto mwenye alama, hata hivyo, haikudai kuwa inatetea uamuzi wa mtu binafsi. Ilikuwa ikieleza majaaliwa. Riwaya za distopia zimebeba bendera ya hiari, na anayebeba bendera hiyo akiweka majaaliwa mlango wa nyuma anastahili kuulizwa.

The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008, inajibu swali hilo vizuri kuliko jina lake la kibiashara linavyoashiria. Katniss, shujaa wake, hana macho ya ajabu wala jeni. Ana upinde kwa sababu baba yake alimfundisha, na ana shabaha kwa sababu nyumbani kulikuwa na njaa. Tazama hesabu ya kura ya kifo, ile inayowateua watoto wa kwenda kuuana uwanjani, ilivyopangwa. Kila mtoto kuanzia miaka 12 jina lake huingia mara moja, na kila mwaka linaongezeka. Mtoto wa maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake ili apate posho ndogo ya nafaka na mafuta kwa mtu mmoja, na anaweza kufanya hivyo kwa kila mtu wa nyumba yake. Katniss alichukua posho yake, ya mama yake na ya mdogo wake, kila mwaka. Akiwa na miaka 16 jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye familia kubwa zaidi, jina lake limo mara 42. Hakuna aliyewalazimisha. Walitia saini.

Hapo Collins ameonyesha kitu ambacho The Giver, kwa utulivu wake wote, haina: hiari inayonunuliwa kwa debe la nafaka. Serikali ya Capitol inaweza kusema kwa uso mkavu kwamba mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wako chini ya sheria moja. Halafu jina la mdogo wake Katniss linatajwa, lililoingia mara moja tu, na Katniss anajitolea badala yake. Anachokifanya kiko wazi kwa yeyote mwenye mdogo wake. Umati wa wilaya yake unatakiwa upige makofi. Unanyamaza, kisha watu wanainua vidole vitatu.

Ishara hiyo ilitoka kitabuni ikaenda mtaani. Baada ya jeshi la Thailand kutwaa madaraka Mei 2014, vijana wa Bangkok walianza kuinua vidole vitatu hadharani, na wapo waliokamatwa kwa kufanya hivyo. Novemba mwaka huo wanafunzi waliinyanyua mbele ya waziri mkuu Prayuth Chan-ocha alipokuwa akihutubia Khon Kaen. Februari 2021 ilivuka mpaka hadi Myanmar baada ya mapinduzi ya huko, na tarehe 26 ya mwezi huo balozi wa nchi hiyo Umoja wa Mataifa, Kyaw Moe Tun, aliiinua mwishoni mwa hotuba yake New York akiwapinga majenerali. Hakuna ishara ya Divergent iliyosafiri hivyo, na sababu naiona mkononi: vidole vitatu kila mtu anavyo. Huwezi kuandamana kwa jeni.

Kuhusu utitiri wa vitabu vilivyofuata mafanikio ya Collins sina mengi. Vilikuja kwa tatutatu, msichana wa miaka 16 akisimulia kwa nafsi ya kwanza, wavulana wawili pembeni, sherehe ya kupangiwa jambo fulani katika sura za mwanzo. Vitabu vinavyolaani kufanana vilifanana mpaka majalada. Sinema nazo zikafuata. Ile ya The Giver ya mwaka 2014 ilimkuza Jonas, mtoto wa miaka 12, akawa kijana wa kubusu. Filamu ya tatu ya mfululizo wa Divergent iliuza vibaya mwaka 2016 na ya nne haikutengenezwa kamwe. Wengi wape, husema wahenga, na wengi walikuwa wamechoka.

Msomaji wa Kiswahili hakuwa na haja ya kungoja yote haya. Kusadikika ya Shaaban Robert ni ya mwaka 1951, na nchi yake inayoelea angani ni distopia kamili kabla jina hilo halijazoeleka kwetu. Karama anashtakiwa kwa sababu amethubutu kuanzisha mafunzo ya sheria. Waziri Majivuno anamshtaki kwa maneno mazito, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa, na kila mmoja akatupwa gerezani kwa kosa la kurudi na jambo jipya. Wajumbe hao hawana alama mwilini. Walikwenda, wakaona, wakasema. Karama mwenyewe silaha yake ni hoja, tena hoja ambayo yeyote aliyekaa barazani siku zile angeweza kuifuata na kuirudia. Vijana wanaosomeshwa riwaya hiyo kwa ajili ya mtihani huambiwa ni fumbo kuhusu utawala wa kikoloni, jambo ambalo ni kweli, na kwa bahati mbaya fumbo likishafumbuliwa darasani kitabu kinafungwa. Ningependa kuona mwalimu mmoja akikiweka meza moja na The Giver na kuwauliza wanafunzi ni jumuiya ipi ngumu kutoka: ile inayowafunga wanaorudi na habari, au ile ambayo hakuna hata anayetamani kwenda.

Lakini kama ni kuchagua kitabu kimoja tu katika rafu ile kuhusu mtu anayeukubali mkumbo, nitachukua Uglies ya Scott Westerfeld, ya mwaka 2005, ambayo huhesabiwa kuwa nyepesi. Kila mtu anapofika miaka 16 hufanyiwa upasuaji wa kuwa mrembo, kwa vipimo vilivyokubaliwa. Sababu zinazotolewa si za kipumbavu: zamani watu walibaguana na kuchukiana kwa rangi na sura, na wazuri walipata kura na kazi bila jasho. Mfanye kila mtu mzuri, umemaliza ubaguzi. Tally Youngblood ana miaka 15 na hataki uhuru wowote. Anautaka upasuaji. Anahesabu siku. Rafiki yake wa utotoni ameshavuka mto kwenda mji wa warembo na yeye amebaki ng'ambo akijiona kinyago.

Westerfeld aliandika hayo miaka mitano kabla Instagram haijaanzishwa. Leo binti wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuinyosha pua na kuing'arisha ngozi yake kwenye simu kabla ya kifungua kinywa, na hakuna kamati iliyomwamuru.

Rafiki mwingine, Shay, anatorokea msituni kwa watu wanaokataa upasuaji. Mamlaka inamwita Tally na kumpa masharti: amfuate Shay na kuwaonyesha maficho, au abaki na sura yake maisha. Naye anakwenda. Anakwenda kuwasaliti kwa sababu anataka kuwa mzuri, na mwandishi hamfichi wala hamtetei. Baadaye anapenda maisha ya kule, anakitupa motoni kidani cha kuwaita maadui, na kwa kukichoma ndipo anapowaita. Hakuna damu maalumu hapa. Kuna msichana wa kawaida anayebadilisha mawazo akiwa amechelewa.

Katika kambi ile anajifunza kwamba upasuaji huacha pia makovu kwenye ubongo, yanayowafanya warembo waridhike na kila kitu. Shay anakamatwa na kufanyiwa. Daktari wa waasi, Maddy, anatengeneza dawa inayoweza kumponya au kumharibu kabisa, na hakubali kumpa mtu bila ridhaa yake. Shay, mrembo na mwenye furaha, anaulizwa. Anasema hapana. Ni Shay yupi aliyesema? Yule wa msituni angesema ndiyo mara moja, lakini huyo hayupo tena wa kuulizwa, na aliyepo ana haki zote za kukataa. Westerfeld anamwacha Maddy aheshimu hapana ile, jambo ambalo waandishi wengi wa rafu hii wasingeweza kulivumilia.

Tally anapata njia ya pembeni. Anaandika ridhaa yake mapema, akiwa bado na ubongo wake, kisha anajisalimisha afanywe mrembo ili dawa ijaribiwe kwake. Anasaini kwa niaba ya msichana ambaye bado hajawa. Katika kitabu cha pili, Pretties, barua ile inamfikia pamoja na vidonge viwili, na Tally mrembo, akiisoma hati ya mkono wake mwenyewe, anaogopa kuvimeza peke yake, na kimoja anampa mvulana aliye naye.